Mtaa Unaofaa kwa Familia Haupimwi kwa Dakika

Wazo la mji wa dakika 15 limesafiri haraka. Carlos Moreno, profesa wa chuo kikuu cha Sorbonne jijini Paris, alianza kulieneza mwaka 2016: kwamba mkazi afikie kazi, shule, duka, tiba na mapumziko kwa robo saa ya kutembea au ya baiskeli. Mwaka 2020 meya wa Paris, Anne Hidalgo, alilibeba katika kampeni ya kutetea kiti chake, na halmashauri nyingi duniani zikafuata, baadhi kwa jina hilohilo, baadhi kwa namna yake. Melbourne, kwa mfano, wanazungumzia mitaa ya dakika 20. Sasa limefika kwenye miji midogo, na huko linapokewa kwa namna inayonitia wasiwasi kuliko upinzani wowote: linapokewa kwa kuridhika. Viongozi wa mji wa watu 20,000 wanachora duara kwenye ramani, wanakuta shule, kituo cha afya, maduka na uwanja wa michezo vyote vimo ndani, kisha wanatangaza kwamba wao walishafika zamani. Wauza nyumba nao wamepata maneno ya tangazo: mtaa tulivu, huduma zote jirani, unafaa kwa familia.

Duara hilo linapima umbali, na umbali ni sehemu ndogo ya habari. Hoja yangu ni kwamba mtaa unafaa kwa familia kwa kadiri unavyowapunguzia wazazi kazi ya kusindikiza. Mtoto wa miaka minane akiweza kutoka nyumbani, kwenda shule, kupitia dukani alikotumwa, kumwita rafiki yake dirishani na kurudi kabla ya giza, yote hayo bila mtu mzima kuongozana naye, mtaa huo unafaa hata kama huduma zake ni za kawaida kabisa. Asipoweza, kila huduma iliyo ndani ya lile duara inageuka kuwa safari ya mtu mwingine: mama aache kazi, baba awahi kutoka, bibi avae viatu. Mji mdogo ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuwa na mtaa wa namna hiyo, na ndio unaoupoteza kirahisi zaidi, kwa sababu faida yake haiandikwi katika hesabu yoyote.

Jambo hili halikuanzia Paris. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alichapisha mchoro wa mtaa ambao wanafunzi wa mipango miji wanausoma hadi leo. Katikati aliweka shule ya msingi. Nyumba zilienea kwa nusu kipenyo cha robo maili, takriban mita 400; wakazi walikuwa 5,000 hadi 9,000, idadi inayotosha kuijaza shule moja; maduka yalikaa kwenye kona za pembezoni, mtaa mmoja unapopakana na mwingine; barabara kubwa zilizunguka nje. Ukiutazama mchoro huo harakaharaka unaona duara lilelile la viongozi wa leo. Lakini ndani yake mna swali kuhusu mtoto: atafikaje shule bila kukatiza barabara kubwa? Mahali pa shule, mahali pa barabara na ukubwa wa mtaa vyote vilikuwa majibu ya swali hilo. Waliokuja baadaye wengi wao walichukua duara, wakaliacha swali.

Wakati huohuo kulikuwa na nguvu nyingine iliyovuta upande wa pili. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kijiji cha Euclid jimboni Ohio dhidi ya kampuni ya ardhi ya Ambler, ilihalalisha sheria za kugawa ardhi kwa matumizi. Sababu iliyotangulizwa ilikuwa njema, kwani moshi wa kiwanda na vyumba vya kulala havikai pamoja. Ila sheria hizo hazikuishia kwenye viwanda. Zilitenga pia maduka, zikatenga hata nyumba za ghorofa za kupangisha, na kwa miaka iliyofuata zikazaa maeneo makubwa ambamo hakuna kitu ila nyumba. Picha hiyo ndiyo inayouzwa hadi leo kwa jina la utulivu. Japani ilifuata njia nyingine: hata katika eneo la makazi lenye masharti makali kuliko yote, sheria yake inaruhusu nyumba iwe na duka dogo au ofisi ndani yake. Ukitaka kuona tofauti ya mifumo hiyo miwili, mtume mtoto dukani. Kwenye mmoja anaondoka kwa miguu, kwenye mwingine anakaa kumsubiri mzazi awashe gari.

Pale watafiti walipojishughulisha kupima kusindikiza, walichokikuta kinashtua. Nchini Uingereza, Mayer Hillman na wenzake walilinganisha mwaka 1971 na mwaka 1990. Mwaka 1971, asilimia 80 ya watoto wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walikuwa wamebaki asilimia 9. Miaka 19 tu ilikuwa imepita. Katika kipindi hicho vifo vya watoto barabarani vilipungua, na wenye mamlaka walilichukua hilo kuwa ushahidi kwamba barabara zimekuwa salama. Hillman na wenzake walisema tusifanye haraka: huenda watoto ndio walioondolewa barabarani, na hatari imebaki palepale au imezidi. Takwimu za ajali haziwezi kutofautisha mtaa salama na mtaa unaoogopwa, maana kote kuwili hakuna mtoto aliyegongwa. Nalikazia hili kwa sababu ndilo kosa linalorudiwa miji midogo kila taarifa ya mwaka inaposomwa. "Hakuna ajali iliyoripotiwa mbele ya shule" ni sentensi inayoweza kubeba fahari au huzuni, na ili ujue imebeba ipi lazima usimame langoni asubuhi uone watoto wanafika na nani.

Na anayewasindikiza ni nani? Mara nyingi ni mama. Jiji la Vienna lilianza uchunguzi wa jambo hili miaka ya 1990, likiongozwa na mtaalamu wake wa mipango miji Eva Kail. Safari za wanaume zilionekana kuwa za mstari mmoja, nyumbani hadi kazini na kurudi, wakati za wanawake zilikatika vipandevipande: shule, zahanati, duka, kwa mzazi mzee, tena shule. Kutokana na mwelekeo huo lilijengwa eneo la makazi la Frauen-Werk-Stadt, lenye nyumba zaidi ya 350, na ndani yake kukawekwa shule ya chekechea, duka la dawa na daktari. Huko Hispania, mtafiti wa mipango miji Inés Sánchez de Madariaga alionyesha jinsi takwimu za usafiri zinavyozificha safari za malezi kwa kuzigawa katika mafungu madogomadogo ya "manunuzi", "shughuli binafsi" na "kusindikiza". Zikikusanywa pamoja zinakaribia safari za kazini kwa wingi. Hapa ndipo lile duara linapokosea zaidi. Linapima kutoka nyumbani hadi kila huduma peke yake, kana kwamba mtu anarudi nyumbani baada ya kila shughuli. Siku ya mwenye watoto imefungwa kwa mnyororo. Shule iliyo dakika 12 upande wa mashariki na zahanati iliyo dakika 12 upande wa magharibi zote zinafaulu mtihani wa robo saa, lakini kwa mama mwenye mtoto mgonjwa mkononi na mwingine wa kuchukua shule, ni dakika 24 za kukatiza mji mzima.

Mji mdogo ulikuwa na majibu ya shida hii bila kuyatafuta. Ulikua kabla ya magari kuwa mengi, huduma zake zilijazana kwenye mitaa michache, na mtu aliyetoka kwa jambo moja alimaliza mawili matatu njiani. Kisha inakuja siku ya kujenga shule mpya. Kiwanja cha katikati ni kidogo na ghali. Pembezoni, kando ya barabara ya mchepuko, kuna ardhi pana ya bei nafuu, ina nafasi ya uwanja na ya kuegesha magari. Halmashauri inachagua pembezoni. Miaka michache baadaye kituo cha afya kinafuata kwa sababu hizohizo, halafu ofisi za serikali, halafu duka kubwa lenye maegesho yake. Kila uamuzi ukiusoma peke yake una mantiki, na sidhani kama waliouamua walikuwa wazembe. Tatizo ni kwamba kila uamuzi ulihesabu bei ya kiwanja na haukuhesabu saa za wazazi.

Saa hizo zinahesabika. Chukua mfano wa kubuni wa shule yenye wanafunzi 600, ambayo baada ya kuhamishwa imewafanya 300 kati yao waanze kusindikizwa, kila mmoja na mtu wake. Sema kusindikiza kunakula nusu saa asubuhi na nusu saa mchana, kwenda na kurudi. Hizo ni saa 300 kwa siku, na kwa mwaka wa masomo wa siku 190 ni saa 57,000. Mfanyakazi wa kudumu anafanya kazi saa zinazokaribia 1,900 kwa mwaka. Kwa hiyo mji umeajiri watu 30 wa kusindikiza watoto, wasiolipwa, wasioonekana kwenye bajeti, na wasioulizwa. Punguza makadirio yangu kwa nusu ukitaka; bado ni watu 15, kila mwaka, kwa muda wote shule itakapokuwa pale. Akiba ya kiwanja ilipatikana mara moja tu.

Kuna jambo jingine ambalo duara hulificha: dakika 15 za nani? Mtu mzima mwenye afya anatembea karibu mita 1.2 kwa sekunde, na kwa robo saa amefika kilomita moja na ushee. Mzee au mtu anayesukuma kigari cha mtoto anaweza kwenda kwa mita 0.8 kwa sekunde. Umbali wake unapungua kwa theluthi moja, ila eneo analoweza kulifikia linapungua kuliko hivyo, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa umbali: anabaki na asilimia 44 tu ya eneo la yule wa kwanza. Weka mlima, weka njia isiyo na kivuli wala pa kukaa, na sehemu hiyo inazidi kusinyaa. Japani, ambako jamii inazeeka kwa kasi, wamelazimika kuzungumzia wazee wanaoshindwa kufika dukani kama kundi maalumu lenye sera zake, na mji wa Toyama ulianza miaka ya 2000 kuwavuta wakazi wake wakae karibu na njia za tramu ili huduma zisiwakimbie. Wazee hao wasiofika dukani si watu wa vijijini peke yao. Wengi wanaishi mitaa iliyojengwa vizuri tu, ambayo maduka yake yalifungwa moja baada ya jingine.

Sasa tusimame kwenye kona moja, kwa sababu mengi huamuliwa hapo. Mtoto amefika ukingoni, mkononi ana mfuko, dukani ni upande wa pili. Kona ikiwa imejengwa kwa mzingo mpana, kama wahandisi walivyopenda ili malori yageuke bila shida, gari dogo nalo linageuka bila kupunguza mwendo, na dereva wake anatazama kushoto kuona kama kuna gari jingine, hatazami mbele ya boneti alipo mtoto. Kona ikibanwa, gari lazima lipunguze, na njia ya kuvuka inakuwa fupi kwa hatua kadhaa. Gari likiwa limeegeshwa hadi mwisho kabisa wa kona, mtoto wa miaka minane haonekani, naye haoni. Lazima atoe kichwa barabarani ili atazame. Kuhusu mwendo, hesabu ni ya fizikia tu. Dereva akihitaji sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, gari la kilomita 30 kwa saa linasimama katika mita 13 hivi kwenye lami kavu. La kilomita 50 linahitaji karibu mita 28, yaani pale ambapo la kwanza limekwisha kusimama, la pili halijaanza hata kufunga breki. Linampiga mtoto kwa mwendo wake wote.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka na ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Mzazi anayekataa kumwachia mwanawe avuke haongozwi na woga wa kupitiliza. Amesoma barabara yake sawasawa. Graz, nchini Austria, iliweka kikomo cha kilomita 30 karibu mji mzima mwaka 1992. Hispania ilifanya hivyo mwaka 2021 kwa barabara za mijini zenye njia moja kila upande. Wales ilifuata Septemba 2023 kwa kikomo cha maili 20 kwa saa kwenye barabara nyingi za makazi. Bango peke yake halitoshi, lakini kona iliyobanwa, tuta na njia ya kuvuka iliyoinuliwa hufanya kazi hata dereva asipotaka.

Magari yakipungua, huongezeka kitu kisichotajwa na wahandisi: ujirani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari: mmoja ukipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakazi wa mtaa wa magari machache walikuwa na marafiki watatu kwa wastani katika mtaa wao na watu wa kufahamiana nao sita. Wa mtaa wa magari mengi hawakufikia hata rafiki mmoja, na wa kufahamiana nao walikuwa watatu. Appleyard mwenyewe aliuawa na gari lililokuwa likienda kasi, jijini Athens mwaka 1982. Matokeo yake yana maana ya moja kwa moja kwa hoja hii, maana mtoto hatembei peke yake kabisa hata anapotembea bila mzazi. Anatembea mbele ya macho ya watu wanaomjua: mwenye duka anayejua ni wa nyumba gani, mzee aliyekaa kibarazani, dada wa rafiki yake. Watu hao wakifungiwa ndani na kelele na moshi, barabara inakuwa tupu hata kama nyumba zimejaa, na mzazi analazimika kuziba pengo lao kwa miguu yake.

Wanaopinga fikra hii wana hoja, na baadhi yake zina uzito mkubwa. Ya kwanza ni ya huduma zenyewe. Mji mdogo hauna watu wa kutosha kuweka shule nzuri kila mtaa. Shule ndogo inaweza kuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa mawili, haina maabara, haina mwalimu wa muziki wala mtaalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kuunganisha shule na kuzihamishia mahali pana kunaleta vitu hivyo, na mzazi mwenye mtoto anayehitaji mtaalamu huyo yuko tayari kusafiri. Naikubali hoja hii kwa wanafunzi wakubwa. Mwenye miaka 14 anaweza kupanda basi au baiskeli, na anachokipata kwenye shule kubwa kinafidia safari. Kwa watoto wa chini ya miaka 10 naona mizani inalala upande mwingine: wanachohitaji darasani hakidai majengo makubwa, na wanachopoteza kwa kutokwenda wenyewe ni mazoezi ya kila siku ya kuamua, kuelekea mahali na kuzungumza na watu wasio ndugu zao. Si lazima ngazi zote za shule zihamie pamoja. Mara nyingi huhamishwa pamoja kwa sababu mkandarasi ni mmoja na kiwanja ni kimoja.

Ya pili inaniumiza zaidi kuijibu, na sina jibu kamili. Mtaa ambao kila mtu anamwangalia mtoto wa kila mtu ni mtaa ambao kila mtu anamwangalia kila mtu. Macho yanayomlinda mtoto wa miaka minane ndiyo yanayomhesabu binti wa miaka 19 anarudi saa ngapi, yanayomshuku mgeni wa rangi au dini nyingine, yanayomfanya aliyeachika ahame. Wengi waliokimbilia majiji makubwa walikimbia macho hayo, na walikuwa na haki. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna tofauti kati ya kuonekana barabarani na kuchunguzwa ndani ya nyumba, na kwamba mpangilio wa mji unaweza kusaidia kidogo: maktaba, bustani na vituo vya usafiri vinavyopokea watu wa aina zote bila kuwauliza, njia zaidi ya moja ya kufika mahali, nyumba za kupangisha zilizochanganyika na za wenyewe ili wageni waingie na kutoka kila mwaka. Kidogo, nasema. Mengine ni kazi ya watu wenyewe, na anayeusifia mtaa wa kujuana bila kulitaja hili anasema nusu ya ukweli.

Ya tatu ni kodi za nyumba. Mtaa ukifaa, watu hutaka kuhamia. Wakihamia, kodi hupanda. Ikipanda, waliokuwapo huondoka, na mara nyingi wa kwanza kuondoka ni familia zenye watoto wengi na kipato kidogo. Hilo ni kweli, na tangu mwaka 2020, kazi za kufanyia mbali na ofisi zilipoenea, miji midogo mingi imeliona kwa macho: wenye mishahara ya jijini wamekuja na mishahara yao. Lakini bei hupanda kwa sababu mitaa ya namna hiyo ni michache. Kukataa kuitengeneza hakumsaidii mpangaji. Kunamwacha kwenye mtaa mbaya wa bei nafuu mpaka huo nao uadimike. Kinachomsaidia ni kuruhusu nyumba zaidi ndani ya mita 400 za shule, ghorofa juu ya maduka, chumba cha kupangisha nyuma ya nyumba, yale yote ambayo sheria za kugawa ardhi zilianza kuyakataza karne moja iliyopita.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyopiga kelele kuliko zote: kwamba mtaa wenye huduma karibu ni mpango wa kuwafungia watu ndani. Ilishika moto Uingereza baada ya Oxford kuidhinisha mwishoni mwa mwaka 2022 vizuizi vya magari kwenye barabara sita, na Februari 2023 maandamano yakafanyika mjini humo. Oktoba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Mark Harper, alisimama kwenye mkutano wa chama chake akazungumzia halmashauri zinazotaka kuamua wananchi waende dukani mara ngapi. Moreno alitumiwa vitisho vya kuuawa. Watu walichanganya mambo mawili, mpango wa foleni za magari na mpango wa huduma za mitaani, na hata ule wa foleni haukumzuia mtu kwenda popote. Ulimtaka mwenye gari azungukie barabara ya nje kwa saa fulani. Mji wa Houten, Uholanzi, wenye wakazi kama 50,000, umeishi hivyo tangu ulipopanuliwa kuanzia miaka ya 1970: gari linafika kila nyumba, ila kutoka sehemu moja ya mji hadi nyingine linapitia barabara ya mzunguko, wakati baiskeli inakatiza katikati moja kwa moja. Wanaozungumzia kufungiwa wamtazame mtoto anayeishi kando ya barabara asiyoweza kuivuka. Yeye amefungiwa tayari, miaka yote ya utoto wake, na hakuna aliyeandamana.

Pontevedra, mji wa Hispania wenye watu wasiozidi sana 80,000, ulianza mwaka 1999 kuyaondoa magari ya kupita njia katikati yake, chini ya meya Miguel Anxo Fernández Lores, ukiongozwa kwa sehemu na mawazo ya Mtaliano Francesco Tonucci, aliyeanza mwaka 1991 katika mji wa Fano kudai kwamba mtoto awe kipimo cha mji. Mwaka 2011 ukachapisha ramani inayofanana na ya treni za chini ya ardhi, ila mistari yake ni njia za miguu na kati ya kituo na kituo imeandikwa dakika za kutembea. Kwa hiyo dakika zina kazi yake. Pontevedra walizichapisha miaka 12 baada ya kuanza kuzifanya njia zenyewe zipitike, na utaratibu huo ndio unaokosekana kwa wanaoanza na duara.

Gil Peñalosa, aliyewahi kusimamia bustani za Bogotá na baadaye akaanzisha shirika la 8 80 Cities nchini Kanada, anapendekeza mji ujaribiwe kwa mtu wa miaka 8 na wa miaka 80. Naunga mkono, na ningeongeza hesabu ambayo mji mdogo wowote unaweza kuifanya bila mshauri wa kulipwa. Kwa wiki moja kila mwaka, kwenye malango ya shule za msingi, wahesabiwe watoto wa chini ya miaka 10 wanaofika bila mtu mzima. Idadi hiyo isomwe kwenye kikao cha bajeti pamoja na ya ajali, na kabla ya shule au zahanati yoyote kuhamishwa, makadirio ya saa za kusindikiza yawekwe mezani pembeni ya bei ya kiwanja. Halmashauri ikishaona saa 57,000 zimeandikwa kwenye safu ileile na akiba ya ardhi, inaweza bado kuchagua pembezoni. Lakini itabidi iwaeleze wazazi kwa nini, na iwaambie itakuwa na nini cha kuwalipa: njia ya miguu isiyokatizwa na barabara kubwa, basi la watoto, au kiwanja cha zamani kibaki shule ya wadogo.